Somo la 9: Moyo wa Mchunguzi

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Wafalme 3:5–14, 1 Wafalme 4:29–34, Marko 2:1–12, Yohana 9:1–7, 2 Wafalme 5:15–27, 2 Samweli 9:1–13, Wafilipi 1:15–18.

Fungu la Kukariri: Mithali 16:2. Lifungue katika Biblia yako, uliandike kwa mkono wako, na ulikariri kabla ya Sabato.

Karibu kila seli ya mwili wa mwanadamu imebeba maagizo ya urithi yaliyoandikwa katika DNA. Seti moja tu ya maagizo hayo, ile ambayo mtoto huipokea kutoka kwa mzazi mmoja, ina urefu wa herufi zipatazo bilioni 3. Ndani ya maandishi hayo zimo jeni, na kosa la herufi moja katika jeni moja laweza kumletea mtoto maumivu ya maisha yote.

Kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, wanaume na wanawake wa mataifa mengi wameyatoa maisha yao kuyasoma maandishi hayo. Ni nini kinachowasukuma? Wengine ni kiu ya kujua, wengine ni huruma kwa wagonjwa, wengine ni sifa au fedha. Wamekuwapo pia waliosukumwa na kiburi cha kutaka kuamua ni nani anayestahili kuzaliwa.

Mithali 16:2 inafundisha kwamba mtu huiona njia yake kuwa safi, lakini Bwana ndiye anayeipima roho. Juma hili tutaitumia mizani hiyo. Hatutaitumia ili kuwahukumu wanasayansi walio mbali nasi, bali ili tujifunze kuyapokea matunda ya utafiti kwa shukrani na kwa macho yaliyo wazi, na ili tuipime nia yetu wenyewe.

Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Kiu ya Kujua

Soma 1 Wafalme 3:5–14 na 1 Wafalme 4:29–34. Sulemani aliomba nini, na hekima aliyopewa ilimwongoza kuchunguza mambo gani?
______________________________________

Mara nyingi tunaikumbuka hekima ya Sulemani katika hukumu ya wanawake wawili na mtoto mmoja. Lakini sura ya 4 inaonyesha upande mwingine: mfalme huyu alisema habari za miti, tangu mikubwa hata midogo, na habari za wanyama, ndege, wadudu na samaki. Udadisi juu ya viumbe ulikuwa sehemu ya kipawa alichopewa na Mungu. Mithali 25:2 inauhesabu uchunguzi wa mambo yaliyofichwa kuwa kazi ya heshima.

Utafiti wa jeni za binadamu umepata mengi kutokana na udadisi wa namna hiyo. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford, alirudi Kenya pamoja na msafara wa kisayansi, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona jambo la ajabu. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, watu wengi walikuwa na jeni ya selimundu, mahali pengine zaidi ya mmoja kati ya watano. Katika nyanda za juu walikuwa wachache sana.

Allison akajiuliza: jeni inayoua watoto inawezaje kubaki kwa wingi namna hiyo? Tena, kwa nini ibaki pwani na ziwani, isiwe milimani? Akakumbuka kwamba pwani na ziwani ndiko kwenye mbu na malaria. Mwaka 1953 alirudi Afrika Mashariki kulichunguza wazo hilo, na mwaka 1954 akachapisha jibu lake: mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayeugua selimundu ni yule aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili.

Hata hivyo, katika safari ya kulithibitisha wazo hilo, watu waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi, kisha wakatibiwa. Leo kamati za maadili zingeuliza maswali mengi sana kabla ya kuruhusu jaribio la namna hiyo. Kiu ya kujua ni zawadi, lakini haitoshi peke yake. Sulemani hakuomba maarifa ili ayafurahie akiwa peke yake; aliomba moyo wa kusikia ili awahudumie watu waliowekwa mikononi mwake.

Ni maarifa gani unayoyatafuta sasa, shuleni, kazini au katika Biblia? Yatamfaa nani zaidi yako wewe?

JUMATATU
Upendo Unaotoboa Paa

Soma Marko 2:1–12. Watu wanne walikutana na kizuizi gani, nao walifanya nini? Yesu aliona nini ndani yao?
______________________________________

Mgonjwa yule hakuweza kufika kwa Yesu kwa miguu yake. Alikuwa na watu waliompenda kiasi cha kupanda juu ya nyumba ya mtu na kuitoboa. Utafiti wa jeni una historia inayofanana na hiyo.

Leonore Wexler wa Marekani alikuwa amesomea biolojia. Baba yake na kaka zake watatu walikufa kwa ugonjwa wa Huntington, ambao kwa kawaida huanza mtu akiwa na miaka kati ya 30 na 50. Mwili hucheza bila kutaka, akili hudhoofika, na mgonjwa hufa baada ya miaka mingi ya kuteseka. Jeni moja tu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kuuleta. Mwaka 1968 Leonore naye aligundulika kuwa nao. Aliyekuwa mumewe, Milton, akawaeleza binti zao wawili, Alice na Nancy, ukweli mgumu: kila mmoja wao alikuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi.

Mwaka huohuo Milton alianzisha mfuko wa kuwakutanisha wanasayansi wautafute mzizi wa ugonjwa huo. Leonore alifariki mwaka 1978. Mwaka uliofuata Nancy alianza safari za kwenda Venezuela, kwenye vijiji vya Ziwa Maracaibo, ambako daktari wa nchi hiyo, Américo Negrette, alikuwa ametambua kwamba familia nyingi zinaugua Huntington. Alirudi huko mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya miaka 20. Yeye na wenzake waliandika ukoo wa watu zaidi ya 18,000 na kukusanya sampuli za damu zaidi ya 4,000. Nancy aliwaambia wanakijiji kwamba mama yake naye aliugua kama wao.

Mwaka 1983 wanasayansi walitangaza kwamba jeni hiyo imo katika kromosomu ya 4. Iliwachukua miaka kumi zaidi kuipata yenyewe, mwaka 1993. Mwaka 2020 Nancy Wexler alieleza hadharani kwamba yeye pia ana ugonjwa huo.

Mpaka sasa Huntington haina tiba ya kuponya. Nazo familia nyingi za kandokando ya ziwa lile, ambazo damu yao ilifungua mlango wa ugunduzi, zimeendelea kuishi katika umaskini. Upendo ulianza kazi, lakini kazi yake haijamalizika. Wale wanne hawakumwacha rafiki yao akining’inia katikati ya paa. Walimshusha mpaka miguuni pa Yesu.

Je, kuna mtu ambaye wewe au kanisa lako mlianza kumsaidia kwa huruma, kisha mkamwacha njiani? Mnaweza kufanya nini juma hili?

JUMANNE
Mzigo wa Lawama

Soma Yohana 9:1–7. Wanafunzi walitaka kujua nini juu ya mtu aliyezaliwa kipofu? Jibu la Yesu liliyageuza mawazo yao kuelekea wapi?
______________________________________

Wanafunzi walimtazama mtu mwenye shida wakaanza kutafuta mkosaji: ni yeye au ni wazazi wake? Yesu aliukataa mjadala huo. Aliwaelekeza kwenye kazi ya Mungu inayopaswa kufanyika kungali mchana, kisha akaifanya.

Swali la wanafunzi bado linaulizwa vijijini na mijini kwetu. Mtoto mwenye selimundu anapolia usiku kwa maumivu ya mifupa, majirani hunong’ona habari za mkosi, za kurogwa au za laana ya ukoo. Mara nyingi lawama humwangukia mama. Wapo waliorudishwa kwao kwa kuambiwa kwamba wameleta ugonjwa katika nyumba ya mume.

Utafiti wa jeni umetoa ushahidi unaofuta lawama hiyo. Mtoto hapati selimundu kutoka kwa mama peke yake. Hupokea jeni moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, na wazazi hao kwa kawaida ni wazima wasiojua kwamba wanaibeba. Wote wawili wanapokuwa na jeni moja moja, katika kila mimba kuna uwezekano wa robo kwamba mtoto atakuwa na ugonjwa, nusu kwamba ataibeba jeni bila kuugua, na robo kwamba hataipata kabisa. Haijalishi watoto waliotangulia walizaliwaje. Kila mimba hesabu huanza upya.

Jijini Dar es Salaam, Profesa Julie Makani na wenzake wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004. Kwa watafiti wa namna hii, mgonjwa aliyeko wodini ndiye anayeleta swali maabarani. Kupimwa mapema, dawa za kuzuia maambukizi utotoni, kinga dhidi ya malaria, na dawa ya haidroksiyurea inayopunguza vipindi vya maumivu vimewawezesha wengi kukua na kusoma.

Hapa kanisa lina sehemu yake. Vijana wanaojiandaa kuoana wanaweza kushauriwa kupima kabla ya ndoa, ili waamue kwa maombi na kwa ufahamu. Lakini kipimo kisigeuzwe kuwa fimbo mpya ya kuwachapia watu. Majibu ya mtu ni siri yake, na anayebeba jeni hana dosari mbele za Mungu kuliko asiyeibeba.

Familia yenye mtoto mgonjwa inapoingia kanisani kwenu, inasikia maswali ya wanafunzi au inaiona kazi ya Yesu?

JUMATANO
Mbio za Gehazi

Soma 2 Wafalme 5:15–27. Kwa nini Elisha alikataa zawadi ya Naamani? Gehazi alijihesabia haki kwa namna gani?
______________________________________

Naamani alikuwa tayari kulipa, tena kwa moyo wa shukrani. Elisha alikataa ili jenerali huyo wa Shamu ajue kwamba neema ya Mungu wa Israeli hainunuliwi. Gehazi aliona mali ikiondoka, akalikimbilia gari. Uponyaji ulikuwa uleule, lakini machoni pake ulikuwa nafasi ya kujipatia.

Utafiti unahitaji fedha, na mtenda kazi anastahili ujira wake. Swali ni pale fedha inaposhika usukani. Mwaka 1990 ulianza Mradi wa Jenomu ya Binadamu, uliokusudia kusoma maandishi yote ya urithi wetu. Mwaka 1996 viongozi wake walikubaliana kwamba kila sehemu itakayosomwa itolewe kwa watu wote bure, ndani ya saa 24 ilipowezekana. Mwaka 1998 kampuni ya Celera, ikiongozwa na Craig Venter, iliingia kwenye mbio hizo ikiwa na mpango wa kuuza huduma ya taarifa zake. Ushindani uliharakisha kazi, na tarehe 26 Juni 2000 pande zote mbili zilitangaza rasimu ya kwanza kwa pamoja. Mradi wa umma ulikamilika mwaka 2003. Kiongozi wake, Francis Collins, ni Mkristo anayekiri imani yake waziwazi.

Mfano wa pili unahusu saratani ya matiti. Mwaka 1990 Mary-Claire King alionyesha mahali ilipo jeni ambayo ikiharibika huongeza sana hatari ya saratani hiyo katika baadhi ya familia. Kampuni ya Myriad iliipata jeni yenyewe mwaka 1994, ikajipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuitumia. Kwa miaka mingi mwanamke wa Marekani aliyetaka kupimwa jeni hiyo alilazimika kupitia kampuni hiyo moja, kwa bei iliyofika maelfu ya dola. Tarehe 13 Juni 2013, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba jeni kama ilivyo katika maumbile haiwezi kumilikiwa kwa hataza.

Swali hilo sasa limetufikia sisi. Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu inayorekebisha seli za mgonjwa mwenyewe. Nchini Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Wengi wa watoto wenye selimundu huzaliwa Afrika.

Taja kipawa kimoja ulichopokea bila kulipia. Wengine wanakipataje kutoka kwako?

ALHAMISI
Meza ya Mfalme

Soma 2 Samweli 9:1–13. Mefiboshethi alijionaje? Daudi alimpa nafasi gani, na kwa sababu gani?
______________________________________

Mefiboshethi alikuwa kilema wa miguu yote miwili, mjukuu wa mfalme aliyeanguka. Alijifananisha na mbwa mfu. Daudi hakuuliza angelifaidi nini taifa. Kwa ajili ya agano lake na Yonathani, alimketisha mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme, na sura inafunga kwa kutukumbusha kwamba miguu yake ilikuwa bado vilevile.

Historia ya jeni inayo sura iliyo kinyume kabisa na meza hiyo. Mwaka 1883 Mwingereza Francis Galton alibuni neno yujeniksi, kwa maana ya kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Waliolifuata wazo hilo hawakujiona waovu. Walikuwa maprofesa, madaktari, mahakimu na hata baadhi ya viongozi wa makanisa, nao walidai kwamba wanalipenda taifa. Nchini Marekani watu zaidi ya 60,000 walifungwa uzazi kwa sheria hizo. Nchini Ujerumani, sheria ya Julai 1933 iliwafikia watu wapatao 400,000. Katika orodha ya magonjwa yaliyotajwa na sheria hiyo ulikuwamo ugonjwa wa Huntington, uleule uliomfanya Nancy Wexler asafiri hadi Maracaibo. Kuanzia mwaka 1939 utawala huo ulivuka kutoka kufunga uzazi hadi kuwaua watu wenye ulemavu na wagonjwa wa akili.

Ugonjwa ulikuwa mmoja. Jicho moja lilimwona mama anayestahili kuokolewa, jicho lingine likaona uchafu wa kufagiwa. Tofauti ilikuwa moyoni.

Kishawishi hicho hakijaisha. Mnamo Novemba 2018, He Jiankui wa China alitangaza kuzaliwa kwa pacha wa kike ambao jeni zao alizibadilisha wakiwa viinitete. Alisema alitaka kuwakinga na virusi vya UKIMWI. Mwishoni mwa mwaka 2019 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 3, ikieleza kwamba alitafuta sifa na faida kwa kuvunja kanuni. Watoto hao hawakuulizwa, na wao ndio watakaoishi na matokeo.

Soma Zaburi 139:13–16. Mtunga zaburi anajiona kuwa kazi ya mikono ya Mungu tangu tumboni. Kumtibu mtu ni kuiheshimu kazi hiyo. Kumpima kama anastahili kuwapo ni kukaa katika kiti kisicho chetu.

Ni nani katika jamii yako anayehesabiwa kuwa hafai? Ataketi wapi Sabato hii?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Wafilipi 1:15–18. Paulo alijua kwamba wapo waliomhubiri Kristo kwa husuda na ugomvi. Hakuisifu nia yao, lakini alifurahi kwamba Kristo anahubiriwa. Fungu hili linatusaidia tusianguke upande wowote.

Upande mmoja ni kuikataa dawa njema kwa sababu aliyeitafuta alipenda sifa. Mtoto anayepona hahitaji kwanza kuuchunguza moyo wa mvumbuzi. Mungu huwanyeshea mvua wote, na baraka zake hupita hata katika mikono isiyo safi. Upande wa pili ni kudhani kwamba matokeo mema huitakasa kila nia. Gehazi alirudi na fedha na mavazi, lakini alirudi pia na ukoma.

Mwanadamu mmoja huweza kubeba nia nyingi kwa wakati mmoja. Mtafiti aweza kumpenda mgonjwa asubuhi na kuiota tuzo jioni. Ndivyo ilivyo hata kwa mhubiri, mwalimu na mwimbaji wa kwaya. Hatuwezi kuusoma moyo wa mwingine kama maabara inavyosoma DNA, lakini mambo mawili yanaonekana kwa macho: ni nani anayebebeshwa mzigo wa utafiti, na ni nani anayekula matunda yake. Pale ambapo walio wadogo hubeba mzigo na wakubwa hula matunda, Wakristo hawana budi kusema. Kwa mambo ya ndani, kila mmoja na alete moyo wake kwa Yeye apimaye roho, amwombe ausafishe.

Maswali ya Kujadili:

1. Nancy Wexler alijua kwamba huenda ameurithi ugonjwa aliokuwa akiuchunguza. Kama wewe ungekuwa katika hali hiyo, ungetaka kupimwa kujua kama unao, hali hakuna tiba? Ni kanuni gani za Biblia zinazosaidia kuamua, na kwa nini Wakristo wawili wenye imani moja wanaweza kujibu tofauti?

2. Wachumba wawili katika kanisa lenu wamepima na kukuta kwamba wote wanabeba jeni ya selimundu. Wanakuja kwenu kuomba ushauri. Mtawaambia nini? Ni maneno gani mtayaepuka?

3. Watafiti wakija kijijini kuomba damu kwa ajili ya utafiti, ni maswali gani ambayo wanakijiji wana haki ya kuuliza kabla ya kukubali?

4. Mnamo 1933 wapo Wakristo walioona sheria ya kuwafunga watu uzazi kuwa jambo la busara. Ni nini huwafanya waumini wasiuone uovu unaokuja ukiwa umevaa koti jeupe la kitaalamu? Kanisa lenu linaweza kujilinda vipi?

5. Rejea ombi la Sulemani katika 1 Wafalme 3. Kama darasa, andikeni ombi fupi kwa ajili ya kijana wa kanisa lenu anayesomea udaktari, uuguzi au sayansi. Mmwombee nini kwanza?